Wonka Wawili, na Wale Watu wa Kiwandani

Waweke mezani wapenzi watano wa filamu za watoto, waulize nani alikuwa Willy Wonka wa kweli kati ya Gene Wilder na Johnny Depp, kisha ondoka zako. Ukirudi baada ya saa moja utawakuta wangali wanabishana. Wa umri mkubwa watakwambia ni Wilder, wa mwaka 1971, na watakuimbia na nyimbo zake bila kuombwa. Waliokua na DVD za mtaani, zile za filamu kumi kwenye diski moja, watasema ni Depp, wa 2005. Mimi kwa umri ni wa kundi la pili, kwa moyo ni wa kundi la kwanza, na nitalitolea hoja hilo huko mbele. Lakini kinachonifanya niziweke filamu hizi mbili pamoja ni jambo ambalo mabishano yale huwa yanalipita kando. Ni wafanyakazi.

Kwa asiyeijua hadithi, ni hivi. Charlie Bucket ni mtoto wa familia fukara kabisa, babu na bibi zake wanne wanalala kitanda kimoja. Mjini kwao kuna kiwanda kikubwa cha chokoleti, cha Bwana Willy Wonka, ambacho milango yake imefungwa kwa miaka mingi. Hakuna anayeonekana kuingia wala kutoka. Siku moja Wonka anatangaza kwamba ameficha tiketi tano za dhahabu ndani ya chokoleti zake, na mtoto atakayepata tiketi ataruhusiwa kuingia. Watoto watano wanaingia. Wanne wanaponzwa na ulafi, kudekezwa, kiburi na televisheni, mmoja baada ya mwingine, na Charlie anabaki.

Sasa, mtoto yeyote mwenye akili akisikia hadithi hiyo atauliza swali moja. Kama hakuna anayeingia wala kutoka, hizo chokoleti zinatengenezwa na nani?

Jibu la Roald Dahl katika kitabu chake cha mwaka 1964 ni Oompa-Loompa. Leo ukisema jina hilo, watu wanaona uso wa rangi ya chungwa na nywele za kijani. Hiyo ni kazi ya filamu ya kwanza. Kitabu, kama kilivyotoka mara ya kwanza Marekani, kilisema jambo lingine kabisa: walikuwa mbilikimo weusi kutoka ndani kabisa ya msitu wa Afrika. Wonka alikuwa amewakuta huko wakiishi juu ya miti na kula viwavi, roho zao zikiwauma kwa hamu ya kakao. Akawaambia, njooni mfanye kazi kwangu, mshahara wenu utakuwa kakao, mle mshibe. Wakakubali. Akawasafirisha kabila zima kwa siri, ndani ya masanduku ya mizigo yaliyotobolewa matundu ya kupitishia hewa. Michoro ya Joseph Schindelman katika toleo lile iliwaonyesha hivyo hivyo, weusi.

Soma tena hapo kwenye masanduku. Mimi nilipokutana nayo mara ya kwanza niliifunga kompyuta nikaenda kuchemsha chai.

Na Dahl hakuwa mtu aliyeisikia Afrika redioni. Mwaka 1938, akiwa na miaka 22, alikuja Dar es Salaam kufanya kazi katika kampuni ya mafuta ya Shell. Aliishi kwenye nyumba ya kampuni nje kidogo ya mji, juu ya ufukwe, bahari iko mbele yake. Alijifunza Kiswahili. Alisafiri bara kwa gari kuwauzia mafuta wenye mashamba ya mkonge na pamba. Vita ilipoanza Septemba 1939, alipewa kikosi cha askari Waafrika awaongoze kuwakamata Wajerumani waliokuwa wakitaka kuondoka Tanganyika. Miezi miwili baadaye akaendesha gari hadi Nairobi kujiunga na jeshi la anga la Uingereza. Yote hayo ameyasimulia katika Going Solo, kitabu cha kumbukumbu alichokitoa mwaka 1986, ambacho mtu wa Dar anaweza kukisoma kwa raha na kwa kukereka kwa wakati mmoja. Kuna nyoka, kuna simba aliyemchukua mke wa mpishi, na kuna Mdisho, boi wake. Mdisho ameandikwa kwa upendo, hilo siwezi kulikana. Ila ni upendo wa bwana kwa boi. Anafundishwa kusoma, anapewa vitu, anashangaa, anashukuru. Ukitoka kwa Mdisho ukaenda kwa Oompa-Loompa wa 1964, hujaenda mbali sana.

Kuna jambo jingine la historia ambalo halimo kitabuni lakini linakaa nyuma yake kama kivuli. Mwaka huohuo Dahl alipozaliwa, 1916, alikufa huko Lynchburg, Virginia, kijana aliyeitwa Ota Benga. Alikuwa Mmbuti wa Kongo. Mfanyabiashara na mmisionari wa zamani, Samuel Verner, alimpeleka Marekani kwa ajili ya maonyesho ya dunia ya St. Louis ya 1904, na alisimulia kwamba alimpata kwa kutoa chumvi na kitambaa. Septemba 1906 Ota Benga aliwekwa katika nyumba ya nyani kwenye bustani ya wanyama ya Bronx, New York, watu wakaja kwa maelfu kumtazama. Alijiua miaka kumi baadaye. Kwa hiyo mtu mfupi kutoka msituni anayebadilishwa kwa bidhaa na kusafirishwa baharini hakuwa mchezo wa fikra tu. Alikuwa na jina.

Na chokoleti nayo ina kesi yake. Dahl akiwa mwanafunzi katika shule ya bweni ya Repton, kampuni ya Cadbury ilikuwa ikiwapelekea wanafunzi maboksi ya chokoleti mpya wazionje na kuzipa alama. Mwenyewe alisema humo ndimo mbegu ya kitabu ilimoota. Miaka kama ishirini kabla ya hapo Cadbury hiyohiyo ilikuwa mahakamani. Kakao yake nyingi ilikuwa ikitoka kisiwa cha São Tomé, kwa Wareno, na wavunaji walikuwa watu waliotolewa Angola wakavushwa bahari kwa mikataba ambayo hawakuwa na njia ya kuivunja. Mwandishi wa habari Henry Nevinson aliyaanika hayo mwaka 1906 na kuyaita utumwa. Cadbury walikuja kususia kakao ya kisiwa hicho mwaka 1909, wakalishtaki gazeti la Standard lililodai walichelewa makusudi, wakashinda, na baraza la wazee wa mahakama likawapa fidia ya farthing moja. Farthing ilikuwa robo ya senti ya Kiingereza. Fidia ndogo namna hiyo inasema mengi.

Basi taarifa zilipotoka kwamba kitabu cha Dahl kitafanywa filamu, chama cha kutetea haki za Wamarekani Weusi, NAACP, kilipinga. Mwaka 1970 nchini Marekani huwezi kuwaonyesha watoto bwana Mzungu mwenye kiwanda kilichojaa mbilikimo weusi wanaolipwa kwa maharage ya kakao. Mwongozaji Mel Stuart, ambaye aliingia kwenye mradi huo kwa sababu binti yake mdogo alikisoma kitabu akamwambia baba tengeneza hii, alilitatua tatizo kwa rangi. Oompa-Loompa wakapakwa rangi ya chungwa, wakapewa nywele za kijani na nyusi nyeupe. Waliwaigiza watu wafupi wapatao kumi waliokusanywa kutoka nchi mbalimbali, filamu ikapigwa Munich, Ujerumani, na baadhi yao hawakuwa wakijua Kiingereza, ndiyo maana ukiwatazama midomo wakati wa kuimba utaona inakwenda njia yake.

Jina nalo likabadilika. Kitabu ni cha Charlie; filamu ikaitwa Willy Wonka & the Chocolate Factory. Fedha za kutengeneza, dola milioni 3, zilitoka kwa kampuni ya nafaka ya Quaker Oats, iliyotaka kuingiza sokoni chokoleti yenye jina la Wonka. Yaani filamu tunayoiita ya kale na safi, tukiilinganisha na ile ya pili ya kibiashara, ilizaliwa kama tangazo. Tangazo lenyewe halikufaulu, maana chokoleti zile zilikuwa zinayeyuka madukani zikaondolewa, na filamu nayo kwenye majumba ya sinema ilipata kama dola milioni 4 tu. Televisheni na kanda za video ndizo zilizoifanya iwe ile tunayoijua.

Na bado ni filamu nzuri. Hapa naomba nitulie kidogo.

Gene Wilder aliikubali kazi kwa sharti moja. Wonka anapotokea kwa mara ya kwanza mbele ya umati, atoke na mkongojo akichechemea, watu wanyamaze kwa huruma. Kisha mkongojo ukwame kwenye mawe, aanguke mbele, ajiviringishe sarakasi na kuinuka mzima wa afya. Walipomuuliza kwa nini, alieleza kwamba kuanzia hapo hakuna atakayejua kama anasema kweli au anadanganya. Sharti hilo moja linaibeba filamu yote. Wonka wa Wilder ana macho ya upole na sauti ya mtu anayebembeleza mtoto, halafu ghafla, kwenye mashua ndani ya lile pango, sauti inapanda, taa zinabadilika, kwenye ukuta anaonekana kuku anakatwa kichwa, na wewe mtazamaji hujui kama uko salama. Watoto wakiwa hatarini anaomba msaada kwa sauti ya mtu anayesoma orodha ya bidhaa. Ni Sungura. Tangu lini mtu aliyesimulia hadithi za Sungura akatueleza kwanza utoto wa Sungura ulikuwaje, nani alimuonea, kwa nini amekuwa mjanja hivyo? Unampokea alivyo, unamwogopa kidogo, unamcheka.

Tim Burton, mwaka 2005, alitueleza utoto. Wonka wa Johnny Depp ana baba, daktari wa meno, aliyeigizwa na Christopher Lee, aliyemfunga mtoto michuma mdomoni na kumtupia pipi zake motoni. Kwa hiyo Wonka mtu mzima hawezi hata kulitamka neno wazazi, anavaa glavu za mpira, ana ngozi ya mtu asiyeona jua na kicheko cha mtoto aliyefungiwa ndani. Depp anaigiza kwa ustadi, sibishi. Lakini ukishajua kidonda kiko wapi, hofu inaondoka, unabaki na huruma, na huruma kwa Wonka ni kama sukari kwenye pilau. Wilder mwenyewe, kabla hajafariki mwaka 2016, hakuficha kwamba aliiona filamu ile kuwa ni tusi.

Mahali ambapo Burton anamshinda Stuart ni kwenye njaa. Nyumba ya akina Bucket ya 2005 imeinama kama mtu mwenye kifafa cha uchovu, paa lina tundu, supu ni ya kabichi na maji. Familia ya Dahl, hasa mjane wake Felicity, ilishiriki katika kutengeneza, na mwandishi wa muswada John August alirudi kitabuni. Baba yake Charlie, ambaye filamu ya 1971 ilimuua kabla haijaanza, hapa yuko hai. Kazi yake ni kufunga vifuniko vya dawa ya meno kiwandani. Watu wananunua chokoleti nyingi kwa ajili ya tiketi za dhahabu, meno yanaoza, dawa ya meno inauzwa, kiwanda kinapata faida, na kwa faida hiyo kinanunua mashine inayofunga vifuniko badala ya baba yake Charlie. Ni dakika chache tu, zinasemwa harakaharaka na msimulizi. Nimesoma ripoti za uchumi zenye kurasa mia mbili zisizosema hivyo kwa usafi huo.

Burton na August wakaongeza kitu ambacho hakimo kitabuni. Babu Joe, yule anayeinuka kitandani na kucheza Charlie anapopata tiketi, aliwahi kuwa mfanyakazi wa Wonka. Wapinzani walipoiba siri za kiwanda kupitia majasusi, Wonka alifunga milango na kuwafukuza wafanyakazi wote, wenye hatia na wasio na hatia. Baada ya miaka moshi ukaanza tena kutoka, lakini hakuna mtu wa mji ule aliyeitwa kazini. Sasa babu anaingia tena getini, safari hii kama mgeni mwenye tiketi, na anafurahi mpaka machozi. Haulizi kuhusu mafao yake. Mimi nilikuwa nimekaa pale nikimsubiri aulize.

Ndiyo maana ninasema ubishi wa Wilder na Depp unatuchelewesha. Kwa mpangilio huu wa 2005, hadithi iko wazi: tajiri anawafukuza wenyeji kwa kukosa imani nao, anakwenda nchi ya mbali, anapata watu ambao hawatatoka nje ya geti, hawatadai, wanalipwa kwa bidhaa, na majaribio ya pipi mpya wanafanyiwa wao. Yule aliyeota nywele mwili mzima, mnamkumbuka? Filamu ya kwanza ilikwepa karibu yote haya. Wonka wa Wilder anasema kwa kifupi kwamba aliwaokoa Oompa-Loompa kutoka nchi iliyojaa madude yanayowala, akawaleta waishi kwa amani. Mshahara hautajwi. Kakao haitajwi kabisa kama sababu ya wao kuja. Mama mmoja katika msafara, mwalimu wa jiografia, anapinga kwamba hakuna nchi iitwayo Loompaland, na Wonka anamjibu kwamba kama yeye ni mwalimu wa jiografia basi anaijua fika, na ni nchi mbaya mno. Watu wanacheka. Filamu ya 2005 nayo ina mwalimu wake wa jiografia na utani huohuo. Nchi imefutwa kwenye ramani, na mjuzi wa ramani ndiye anayechekwa.

Dahl alifanya vivyo hivyo kitabuni. Baada ya filamu, na baada ya wahakiki kama Eleanor Cameron kukishambulia kitabu mwaka 1972, alitoa toleo jipya mwaka 1973. Alisisitiza kwamba hakuwa na nia mbaya, na mimi namwamini. Nia mbaya haihitajiki kwa jambo kama hili. Katika toleo hilo Oompa-Loompa wana ngozi nyeupe yenye wekundu na nywele za rangi ya dhahabu. Weusi umeondoka, Afrika imeondoka. Masanduku yenye matundu yamebaki. Malipo ya kakao yamebaki.

Halafu kuna hili, ambalo lilisikika sana mwaka 2017. Felicity Dahl aliiambia redio ya BBC kwamba Charlie wa kwanza, katika rasimu za mwanzo, alikuwa mtoto mweusi. Mwandishi wa wasifu wa Dahl, Donald Sturrock, akaongeza kwamba wakala wake ndiye aliyemshauri abadilishe, kwa hoja kwamba watu wangeuliza kwa nini. Kwa hiyo kulikuwa na wakati, mwanzoni mwa miaka ya 1960, ambapo mtu mweusi katika hadithi hii alikuwa ndiye shujaa wake. Rasimu zikaendelea, na mweusi akahama kutoka kwenye kiti cha shujaa kwenda kwenye sanduku la mizigo. Ninalifikiria sana hilo. Sidhani kama kuna filamu yoyote kati ya hizi mbili ambayo ingekuwa ileile.

Burton aliporudi kitabuni alikutana na tatizo lilelile la Stuart, kwa sura mpya. Alitaka msitu, alitaka vijiji juu ya miti, alitaka Wonka akifyeka njia kama wale wapelelezi wa karne ya 19 waliopita Ujiji na Tabora, akionja viwavi vilivyopondwa na kujadiliana na chifu kuhusu malipo ya kakao. Alivipata vyote. (Kakao, kumbuka, asili yake ni Amerika, Afrika iliingia karne hiyohiyo ya 19. Hakuna kabila la msitu wetu lililoilia tangu enzi.) Lakini hawa Oompa-Loompa wawe nani? Rangi ya chungwa ilishakuwa kichekesho. Nyeupe ya 1973 isingekubaliana na msitu. Akamchukua mtu mmoja tu, mwigizaji Deep Roy, akamfanya Oompa-Loompa wote, 165, wanaume na wanawake, kwa kumpiga picha akirudia miondoko ileile tena na tena kisha kompyuta ikamzidisha.

Deep Roy alizaliwa Nairobi, mwaka 1957, katika familia ya Kihindi.

Niliposoma hilo nilicheka kwa sauti, halafu nikaacha kucheka. Afrika iliyotolewa mlangoni mwaka 1971 imerudi kupitia dirishani, na imerudi na sura ya Muhindi wa Kenya. Nairobi yenyewe ilianza kama kituo cha reli iliyojengwa kati ya 1896 na 1901 na wafanyakazi zaidi ya 30,000 walioletwa kwa meli kutoka India, kwa mikataba. Karibu 2,500 walikufa kazini. Waliorudi kwao ndio wengi, waliobaki ni wachache, na wengi wa Wahindi tunaowajua Afrika Mashariki walikuja baadaye kwa biashara na ukarani. Lakini mji ule ulizaliwa na kitu kilekile ambacho Wonka anakifanya: kama wenyeji huwaamini au hawatoshi, leta wengine kwa bahari. Sidhani Burton alilifikiria hilo hata dakika moja. Alimtaka Roy kwa sababu walishafanya kazi pamoja na kwa sababu ana uso unaoweza kutosema lolote. Uso ule usio na tabasamu, akiwa amevaa nguo nyekundu inayong'aa, akimbeba mtoto aliyevimba bila hata kupepesa macho, ndicho kitu bora zaidi katika filamu ya 2005. Wa 1971 wanaimba mafunzo ya adabu. Huyu anafanya kazi, na huwezi kujua anawaza nini.

Hata hivyo, sauti si yake. Nyimbo za Oompa-Loompa za 2005, zenye maneno ya Dahl mwenyewe, ziliimbwa na mtunzi Danny Elfman, sauti yake ikapangwa juu ya sauti yake mpaka ikawa kwaya. Mwili wa mmoja ukazidishwa, sauti ya mwingine ikazidishwa, na kabila zima likapatikana bila kabila. Kama fumbo la utandawazi linatafutwa, lipo pale, na liliingiza takriban dola milioni 475.

Nimewahi kwenda Kyela kikazi, kusini kabisa mwa Mkoa wa Mbeya, ambako ndiko inakotoka sehemu kubwa ya kakao ya Tanzania. Nilikaa nusu siku na mama mmoja mkulima aliyenionyesha jinsi ya kulivunja tunda, kuchachusha mbegu chini ya majani ya mgomba, kuzianika. Nilimuuliza swali la kijinga la waandishi wa habari, kama anapenda chokoleti. Akasema, "Mwanangu, chokoleti niliila mara moja, kwenye harusi. Sisi utamu tunaujua humu," akanipa nimumunye ile nyama nyeupe inayozunguka mbegu, tamu kweli, yenye ukakasi kidogo kama stafeli. Kisha akaniambia niing'ate mbegu yenyewe. Ni chungu. Oompa-Loompa wa Dahl wanaililia mbegu ile usiku na mchana, wanaiota, wanaondoka kwao kwa ajili yake. Mtu aliyeandika hivyo alizijua vizuri chokoleti za Cadbury. Mbegu yenyewe hakuitafuna.

Mwaka 2023 ilitoka filamu ya tatu, Wonka, inayosimulia ujana wa tajiri wetu. Si marudio ya zile mbili, na nyingi ya nyimbo zake nimeshazisahau. Oompa-Loompa ni mmoja tu, amerudishiwa rangi ya chungwa na nywele za kijani, na anaigizwa na Hugh Grant, Mwingereza kuliko Waingereza. Lakini amepewa hoja ambayo hakuna aliyempa kwa miaka hamsini na tisa. Alikuwa mlinzi wa kakao ya kisiwa chao, Wonka akapita akazichukua akiwa amesinzia, na kwao wakamfukuza mpaka hasara ilipwe. Kwa hiyo anamfuata Wonka usiku, nyumba hadi nyumba, akijichukulia chokoleti, na akikamatwa haombi radhi. Anataja idadi ya mbegu zilizochukuliwa na anadai mara elfu.